Mipira Miwili ya Breki ya Nyuma

Senge,

Shangazi yangu, Senge wa watu wote, Jumamosi asubuhi nilitoa gunia lililofunika baiskeli yako, nikapiga magoti nyuma yake, nikatazama breki niliyokufungia kwa mikono yangu siku ile uliyokufa. Zile nyumba mbili za chuma zinazoshika mipira ya breki zilikuwa tupu. Wa kulia haupo. Wa kushoto haupo.

Nimeanza na hilo kwa sababu nimeshindwa kuanza na salamu. Nilijaribu. Niliandika "natumaini hujambo", kisha nikasoma nilichoandika, nikaichana karatasi.

Bado sielewi. Mchana ulikuwa unacheka, jioni ulikuwa umelala ndani ya pikapu ya watu tusiowajua, umefunikwa leso ya mwanamke ambaye hatukumjua pia. Wiki nne sasa. Kila nikisikia kengele ya baiskeli barabarani nageuza kichwa. Bibi yangu Kukhu naye anageuza. Halafu kila mmoja anajifanya hakumwona mwenzake.

Ngoja nikukumbushe ile Jumatano, maana yote yametoka hapo.

Mipira ya breki yako ya nyuma ilikuwa imeisha mpaka chuma kikawa kinasaga rimu. Ulinunua mipya miwili, ukaiweka juu ya stuli mbele ya kibanda, ukasema, "Leo mimi ni kastoma. Breki haishiki, nina haraka, na mimi ni mtu wa kelele. Nihudumie." Nikabaki nimesimama. Ukaanza: "Wewe ni fundi gani hata hauongei? Ama nipeleke hii baiskeli kwa Mganda hapo ng'ambo?" Wale vijana wa boda waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko, na mimi nikainama haraka ili wasione uso wangu.

Lakini nilifanya kazi, Senge. Mikono yangu haina aibu kama mdomo wangu. Nilizitoa zile nyumba za chuma, nikasukuma mabaki ya mipira nje kwa bisibisi, nikakwangua matope. Mipira mipya nikaipiga tupa kwenye ukingo mmoja ili isipige kelele. Niliipiga sana. Uliniangalia ukasema, "Umeinoa kama kisu. Unataka kuchinja rimu?" Nikaingiza mipira, nikabana midomo ya chuma ya zile nyumba kwa koleo, nikarudisha nyumba mahali pake, nikakaza nati. Kisha nikarekebisha fito inayotoka kwenye mkono wa breki, kidogo kidogo, mpaka kati ya mpira na rimu ikabaki nafasi ya kupitisha sarafu tu.

Ulikuwa umeshanifundisha: "Ukimaliza usiniambie umemaliza. Niambie umekagua." Nikasema, "Nimekagua."

Sikuwa nimekagua yote.

Unajua ile nyumba ya mpira ina upande uliozibwa na upande ulio wazi. Ulinieleza mara ya kwanza kwa kutumia kiganja chako na kipande cha sabuni. Upande uliozibwa ukae kule gurudumu linakokimbilia, ili ukishika breki mpira usukumwe kwenye ukuta. Ukigeuza, ukiweka upande wazi huko, breki itashika vizuri tu kwenye tambarare, hata mwenyewe utajisifu. Lakini siku utakayoibana kwa nguvu kwenye mteremko, gurudumu litauvuta mpira utoke kama jino. Na mimi nilikuwa nimezitoa nyumba zote mbili kwa pamoja, nikaziweka kwenye kitambaa, na wale vijana wanacheka, na wewe unanipigia kelele za ukastoma. Sikukumbuka kama niliziangalia upande wakati wa kuzirudisha. Nilikumbuka nati. Nilikumbuka tupa. Hilo moja halikuwepo kichwani.

Saa kumi ukaniambia nitangulie nyumbani nikamsaidie Kukhu kuanika mahindi, ungefunga kibanda mwenyewe. Mvua ikanyesha. Ilipokatika, tukasikia pikipiki, kisha mama mmoja anaita kwa nje, hajui amwite nani.

Foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilikuwa imerudi nyuma siku hiyo mpaka kwenye ule mteremko wa kabla ya daraja. Dereva wa lori la mwisho alisema alikuona kwenye kioo chake. Alisema ulikuja kwa kasi, umetoa mguu wa kulia nje kama mtu anayetaka kushuka. Alitoka akapunga mkono. Alisema hukupiga kelele mpaka ukaligonga lori. Alilisema hilo mara nyingi sana, kwa baba mdogo, kwa polisi, kwa kila mtu, "Hakupiga kelele, mzee, hata kidogo," kana kwamba mtu alikuwa anamlaumu.

Na baba mdogo akasema, "Breki ilikataa."

Siku zote za matanga nilisikia maneno hayo. Wanawake jikoni, breki ilikataa. Mchungaji, breki ilikataa. Wale vijana wa boda walikuja wote, wakaegemeza baiskeli na pikipiki kwenye ua, mmoja wao akalia mpaka akashikwa, naye akasema hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza nani aliifunga. Nilipika chai, niliosha vikombe. Unajua mtu asiyeongea akinyamaza hakuna anayeona tofauti.

Baiskeli ililetwa ikaegemezwa ukutani nyuma ya nyumba ya Kukhu, uma wa mbele umepinda, wakaifunika gunia. Wazee wakasema isiguswe, wala vyombo vyako, wala nguo, mpaka siku ya kunyolewa na kugawa vitu. Nilijua hivyo ndivyo tunavyofanya. Lakini Senge, wiki tatu! Kila asubuhi nilipita hapo kwenda kuteka maji, na nilihitaji kupiga magoti mara moja tu nione upande mmoja tu wa kipande cha chuma kisichozidi kidole. Siku moja nilishika pembe ya gunia. Kukhu akakohoa nyuma yangu. Nikaachia.

Siku ya kugawa, baba mdogo alisema ile baiskeli ni chuma chakavu, iuzwe kwa kilo. Mwingine akasema sanduku la spana apewe mjomba fulani, ana duka. Nilikuwa nimekaa na wasichana, kichwa kimenyolewa, nikasema kimoyomoyo, ni yangu, ni yangu, na mdomo haukufunguka. Kukhu ndiye aliyesema, bila kuinuka kwenye mkeka: "Vyote mpeni huyu asiyeongea. Yeye ndiye alikuwa anajua majina ya vyuma hivyo." Watu wakacheka kidogo. Ndivyo nilivyopata baiskeli yako.

Kwa hiyo Jumamosi nikatoa gunia.

Nilipoona nyumba zile tupu, nilikaa chini kwenye umande. Nilisema peke yangu kwa sauti, "Ni mimi." Mipira imetoka kama jino, kama ulivyosema, na niliyeigeuza ni mimi, na nilikudanganya kwamba nimekagua. Sijui nilikaa muda gani. Kuku wa Kukhu alikuja akanidonoa kiatu. (Anataga siku hizi kwenye lile beseni lako la kupimia pancha. Sijamfukuza.)

Kisha nikasikia ile sauti yako ya kazini, ile isiyo na upole: "Usikisie. Anza kwa mkono, fuata chuma mpaka kwenye gurudumu."

Nikainuka. Nikaanza kwa mkono. Mkono wa breki haukuwa umelegea. Fito ya juu imenyooka. Kiungo cha chini ya usukani kina pini yake. Fito ndefu inayopita chini ya bomba imekwaruzika lakini haijapinda. Kifundo cha nyuma kinacheza vizuri, kina grisi niliyoweka mimi. Nati zote mbili zimekaza, na juu yake kuna ile alama ya spana yangu. Nikafika kwenye nyumba za mpira, nikafumba macho, nikapitisha kidole badala ya kuangalia.

Upande uliozibwa ulikuwa kule gurudumu linakokimbilia. Zote mbili.

Nilipitisha kidole tena. Nikafumbua macho. Nilikuwa nimeziweka sawa, Senge. Nilikuwa nimeziweka sawa na sikukumbuka.

Basi mipira ilitokaje? Nikawasha tochi ya simu ingawa jua lilikuwa limetoka. Kwenye midomo ya chuma kulikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi, ile yako iliyovunjika ncha, inayoacha mistari miwili badala ya mmoja. Na midomo yenyewe ilikuwa imebanwa tena kwa koleo baada ya mpira kutolewa, taratibu, isije ikamchana mtu. Ajali haibani midomo ya chuma. Ni mtu anayejali tu ndiye anayefanya hivyo, na ni mmoja tu ninayemjua.

Uliitoa mwenyewe.

Nilicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka mpaka Kukhu akatokea mlangoni. Halafu nikatapika. Halafu nikakukasirikia kiasi kwamba nililipiga tairi teke, na mguu bado unauma.

Kwa sababu nilijua mara moja ulichofanya. Ile baiskeli yako ilikuwa duka. Kastoma akija jioni na duka la vipuri limefungwa, ulikuwa unageukia baiskeli yako. Breki yote ya mbele iliondoka kabla ya Krismasi, ukampa mwalimu. Gololi za pedeli ya kushoto ulimpa muuza samaki, ukaweka grisi tu na kuomba Mungu. Spoku, sijui ngapi. Watu wakikuuliza wewe utaendaje, ulikuwa unasema, "Yangu inajua njia ya nyumbani," na wote tunacheka, na mimi nacheka pia. Na breki ukiikosa, ulikuwa unakanyaga tairi la nyuma kwa kiatu chako cha akala. Ndiyo maana mguu ulikuwa nje. Hukuwa unashuka. Ulikuwa unafunga breki kwa mguu, kwenye mvua, kwenye mteremko, na akala iliyolowa.

Kwa nini hukunipigia simu nirudi? Kwa nini hukuisukuma tu, Senge? Ni mwendo wa saa moja. Ungefika umelowa, Kukhu angekugombeza, basi.

Jumatatu nikafungua kibanda. Nilikuwa nimepanga kufagia tu. Lakini saa tatu Mama Sabuni akaja.

Amekonda. Bado anavusha sabuni na mafuta ya kupikia kwa ile baiskeli yake ya magurudumu matatu, anazungusha kwa mikono, miguu ameifunga kwa mkanda kama kawaida, na bado anapigia malori kelele yampishe. "Wewe, kanyoleo!" akaniita kutoka mbali. "Umefungua? Haya, njoo uangalie hii cheni, inaruka kama mbuzi."

Nikaangalia cheni. Ilikuwa imelegea tu. Nikafungua nati za ekseli, nikavuta gurudumu, nikakaza, nikajaribu kwa kidole katikati ya cheni kama unavyofanya. Alikuwa anaongea muda wote. Jinsi askari wa forodha walivyokuulizia. Jinsi alivyolia siku ya mazishi mpaka mtoto wake akaona aibu. Kisha akasema, akiwa ameshusha sauti, "Mtoto, niambie. Watu wanasema breki ya Senge ilifungwa vibaya. Nani alimfungia?"

Nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu lake la mbele. Nikaona mipira ya breki yake. Imenolewa ukingo mmoja kama kisu.

Nikasema, "Ni mimi nilimfungia."

Akanyamaza. Wewe unajua Mama Sabuni hanyamazi. Kisha akanyoosha mkono wake ule mgumu akanishika kichwa hiki kisicho na nywele. "Basi usiwahi kumwambia mtu," akasema. "Umesikia? Mimi sijasikia kitu. Wewe ni mtoto, na Mungu anajua. Kaa hivyo hivyo kimya."

Senge, nilitaka kukaa hivyo hivyo kimya. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Ninajua kunyamaza kuliko kitu kingine chochote, na hapa kuna mtu mzima ananipa ruhusa. Na nikisema, yeye atabeba nini? Atazungusha vipi mikono ile kwenda ng'ambo na kurudi, kila siku, akijua?

Lakini alikuwa ananisamehe. Mkono wake ulikuwa kichwani mwangu unanisamehe kosa ambalo sikulifanya, na machozi yanamtoka, na mipira ile iko hapo chini ya pua yangu. Nilishindwa. Si kwamba nilikuwa shujaa. Nilishindwa tu, kama mtu anayeshindwa kuzuia chafya.

Nikamwambia nilikuta nini kwenye baiskeli yako. Nikamwonyesha ukingo ulionolewa. Maneno yalikuwa yanatoka yamekatika katika.

Alielewa kabla sijamaliza. Akasema polepole, "Breki yangu ilikuwa imeisha jioni ile. Nilimwambia nitarudi kesho asubuhi. Nilimwambia, Senge, wacha, nitalala kwa dada yangu. Akaniambia, kaa hapo, dakika tano tu. Nilidhani ametoa kwa sanduku. Alikuwa nyuma ya kibanda, mimi niko mbele, sikuona." Akapiga paja lake kwa ngumi. Mara moja. Halafu akasema, "Zitoe."

Nikasema hapana.

"Nimesema zitoe! Sitembei na kifo cha mtu kwa gurudumu yangu!"

Akainama achukue bisibisi mwenyewe. Na mimi, Senge, mimi, nikapiga kelele katikati ya barabara ya malori: "Mama, ukitoka hapa bila breki utakufa na wewe! Mnataka nizike watu wangapi?"

Benchi zima la boda likageuka. Hata kondakta wa lori alichungulia. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa na mbaya, kama ya baba mdogo akiwa amekunywa.

Mama Sabuni akaacha bisibisi. Nikamwambia akae. Nikakimbia mpaka duka la vipuri, nikanunua mipya, nikarudi nikiwa nahema. Nikaitoa ile, nikaingiza mipya, na safari hii niligusa upande uliozibwa kwa kidole na kusema kwa sauti, "Huku." Naye akasema, "Huku," kama watoto wa chekechea. Nikampa usukani ajaribu. Akajaribu mara tatu, akaondoka. Ile mipira yako akaifunga kwenye pembe ya leso. Sikumwuliza ataipeleka wapi.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Nilidhani nimemvunja. Alhamisi akapita upande wa pili wa barabara na mzigo wake, hakusimama, ila alipiga kelele kuwaambia vijana wa benchi: "Na nyinyi wajinga, yeyote atakayesema breki ya Senge ilifungwa vibaya, aniambie mimi usoni!" Kisha akaendelea kuzungusha. Nilimwona mgongo tu. Hakucheka.

Uma wa baiskeli yako, ambayo sasa iko kibandani, siwezi kuunyoosha. Nimejaribu kwa bomba. Nitatafuta mwingine. Baba mdogo anasema msichana aliyemaliza kidato cha nne hakai barabarani na grisi, eti nisubiri matokeo yatoke. Nimemwambia nitasubiri hapo hapo kibandani. Nilimwambia kwa mdomo, siyo kwa kutikisa kichwa. Alishangaa akasahau kukasirika.

Sasa nikueleze ya jana, kisha nikuache.

Jana jioni nikiwa nafunga, alikuja mwanaume mmoja anatoka Matayos na gunia la makaa kwenye keria. Pini inayoshika mkono wa pedeli ilikuwa imekatika, pedeli inazunguka peke yake. Duka limefungwa. Nikamwambia aache baiskeli, aje asubuhi. Akaona baiskeli yako imeegemea nyuma ya kibanda. "Si hiyo iko na pini? Toa hapo, dada. Kesho utaweka ingine." Nikasema hapana. Akasema Senge hangemfanyia hivyo. Akasema Senge alikuwa mtu na mimi ni jiwe. Akasema mengine ambayo siwezi kukuandikia.

Nilitaka kumpa, Senge. Mkono ulikuwa umeshashika spana. Ilikuwa rahisi sana, dakika tano tu, na angenipenda. Sasa najua ilivyokuwa kwako, na bado nasema hukufanya vizuri. Nakupenda na hukufanya vizuri. Nimeyaandika pamoja kwa sababu siwezi kuyatenganisha.

Aliondoka akisukuma baiskeli kwa mkono. Alinitukana mpaka kwenye kona ya kituo cha mafuta, na hata alipopotea nilikuwa bado namsikia. Nilisimama hapo nikisikiliza matusi yake yakienda mbali, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Nakuahidi hilo, Senge. Watanitukana wengi. Watafika kwao, na mimi nitafika kwetu.

Pumzika sasa. Kukhu anakusalimu, ingawa hajui ninaandika.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Nabwire